Nyumba ya Mwanamke wa Bilgaon

Khirwa, 4 Machi

Mwanangu Kusum,

Salamu zikufikie hapo Surat, wewe, mumeo na wajukuu zangu. Mimi sijambo, ila goti la kushoto ndilo linanuna kila asubuhi. Nyati wetu wa maziwa amezaa, ndama jike. Nyie je? Kikohozi cha Pinki kimepona?

Sasa kaa chini nikwambie. Barua hii hakuna aliyeniandikia. Mimi naongea, simu inaandika. Shabnam wa kituo cha huduma amenionyesha pa kubonyeza, akasema, "Ongea tu, mama, kama unaongea na binti yako." Nikadhani ananifanyia mzaha. Nikaiambia simu, "Haya wewe, kama una masikio tuone." Shabnam akanisomea, na ni maneno yangu yale yale, hata ile sauti yangu ya kununa nimeisikia humo. Kusum, nina miaka hamsini na tisa. Sijawahi kuandika herufi hata moja, nikitaka salamu zikufikie lazima nimbembeleze mtu, na nusu ya maneno nayameza kwa sababu ya masikio yake. Leo nimeongea weee, na yote yamekaa humo. Nimeishika simu nikaitazama mpaka Shabnam akaniuliza kama naumwa. Shii, toka kwenye unga wewe, mbuzi gani huyu asiye na adabu. Shabnam anasema imeandika na hayo. Yaache, mwanangu ajue ni mimi.

Habari yenyewe ni hii. Serikali inaleta kidege kisicho na mtu ndani, kipige picha kijiji chote kutoka juu, kisha kila nyumba ipate kadi yenye ramani na jina la mwenyewe. Unajua hapa mashamba ndiyo yenye karatasi, nyumba hazijawahi kuwa nayo tangu enzi za mababu. Tumeambiwa kila mtu azungushie nyumba yake mstari wa chokaa, kidege kiuone. Kijiji kizima tunatambaa chini na mabeseni.

Baba yako mdogo Halke aliwahi kuliko wote. Akapiga mstari kuzunguka nyumba yake, akapita uchochoroni, akazunguka na ya kwangu. Nikamuuliza, "Shemeji, umepotea njia?" Akasema, "Kaka hakuacha mtoto wa kiume. Wewe ukiondoka itabaki ya nani?" Nimeshamwosha huyo pua alipokuwa mdogo, leo ananiuliza nitaondoka lini. Sikubishana naye. Nilichukua ufagio nikaufuta mstari wake, nikachota chokaa kwa mikono na kupiga wangu. Umepinda kidogo kwenye kona ya zizi, lakini ni wangu.

Nijibu. Simu itanisomea.

Mama yako


Surat, 6 Machi

Mama, shikamoo, naigusa miguu yako kutoka huku.

Sisi wazima. Pinki amepona, sasa anakohoa kwa makusudi akitaka asiende shule. Barua yako niliisoma ghalani, juu ya marobota ya sari, nikairudia mara nne. Mwanzoni nilidhani kuna mtu anajifanya wewe. Nilipofika kwenye mbuzi nikajua hakuna anayeweza kuigiza hilo. Nimewasomea wenzangu wote wa kufungasha, na msimamizi naye akaja kusikiliza badala ya kutugombeza.

Mama, hili la nyumba usilichukulie kwa wepesi. Karani wa ardhi atapita na orodha, atauliza nyumba ni ya nani. Wewe taja jina la Baba na uonyeshe kadi yako ya utambulisho, basi, imekwisha. Mume wangu anasema heri uachane na ugomvi wa Halke, uje uishi nasi huku. Amesema kwa wema. Lakini mimi nakwambia usitoke hapo hata hatua moja.

Na chokaa usiishike kwa mikono mitupu, nakujua.

Binti yako, Kusum


Khirwa, 21 Machi

Kusum wangu,

Natumai mmeamka salama nyote. Mimi ni mzima, ila nina jambo, na nitalisema nikishamaliza la furaha, maana nikianza na hilo lingine sitafika kwenye hili.

Kidege kilikuja. Kidogo, Kusum, hakizidi ungo wa kupepetea. Kijana mmoja alikiweka chini pale uwanja wa shule, kikavuma kama nyuki, kikasimama hewani mbele ya macho yetu kana kwamba kinatuhesabu. Kisha kikaenda juu mpaka shingo zikauma. Baba yako mkubwa, na miaka yake themanini, alivua kilemba akakishika mkononi. Hakuna aliyemcheka. Kilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayelima, hakikuruka nyumba hata moja. Kilipita hata juu ya nyumba za watengeneza ngozi kule mwisho, ambako hata mtu wa posta hafiki. Nilisimama uani nikiangalia juu, nikawaza, leo nimetazamwa na sikuulizwa mimi ni mke wa nani.

Haya, la pili. Ulisema nisishike chokaa kwa mikono, na mimi nilishaishika. Ilikuwa mbichi, na umande ulikuwa umelowesha ardhi. Imeniunguza vidole vyote, ngozi imebanduka kama ya viazi vya kuchemsha. Napaka mafuta ya haradali, inapona. Lakini karani alipokuja vilikuwa bado vyekundu.

Akasimama mlangoni na orodha. "Nyumba hii ya nani?" Nikanyamaza. Utasema kwa nini nisiseme, lakini ningelitajaje jina la baba yako, mimi mkewe? Nikawageukia wanawake wa mtaani, walikuwa saba pale wametoka kutazama. Kusum, wote saba ni wake wa wadogo zake. Wote haramu kumtaja kama mimi. Mmoja akasema, "Ni ya yule aliyekuwa anavaa shali nyekundu." Mwingine, "Ni ya yule mwenye nyati mwenye kengele." Karani akasema, "Mama zangu, hakuna mahali pa kuandika nyati." Nikamwambia kadi yangu ina jina. Akasema ilete. Iko wapi? Halke aliichukua tangu msiba wa baba yako, ati ashughulikie mgao wa chakula cha serikali, na sasa anasema imeliwa na panya. Karani akatoa kimashine, niweke kidole nijulikane. Nikaweka gumba, kikakataa. Nikaweka vyote kumi. Hakuna hata kimoja kilichonitambua.

Ndipo Halke akapita mbele, akataja jina lake mwenyewe, akaweka gumba lake, kimashine kikalia tii, karani akaandika. Sasa orodha imebandikwa kwenye ukuta wa baraza. Shabnam amenisomea. Nyumba yangu iko kwa Halke. Mwenye pingamizi aseme mbele ya baraza tarehe tano Aprili, baada ya hapo inapigwa muhuri.

Mama yako


Surat, 23 Machi

Mama, shikamoo.

Sitauliza habari ya vidole leo, nimeshikwa na hasira, utanisamehe. Baba amefariki miaka sita. Mke hamtaji mumewe ili asimpunguzie umri, ndivyo mlivyotufundisha. Umri gani umebaki wa kupunguza? Mimi namtaja: Harprasad. Harprasad. Hakuna kilichoanguka.

Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia. Huku kila mwezi wa mvua wa Sawan ukifika wake wote wa jengo letu wanafunga mizigo waende kwao. Wanarudi na bangili mpya, wamenenepa, wana hadithi. Mimi sina kaka. Mama mkwe wangu ana msemo wake, ati kwa Kusum ni kwa mama tu, na mama si wa milele. Mimi humjibu, kwetu kupo, nyumba ipo. Ikiwa ya Halke nitajibu nini? Nitashuka kwenye basi niende kwa nani? Nitakaribishwa chai kama mgeni kwenye ukumbi niliojifunzia kutembea.

Kuja siwezi, ni msimu wa harusi, anayekosa siku tatu anafutwa. Lakini nimepata kitu. Kwenye simu yangu ya zamani kuna picha ya kadi yako, tuliipiga nilipokuwa naolewa. Nakutumia ile namba, ina tarakimu kumi na mbili. Ukiwa na namba huna haja ya karatasi. Nenda nayo tarehe tano. Na utaje jina la Baba. Nakuomba.

Kusum


Surat, 2 Aprili

Mama, siku kumi sasa. Nikipiga simu inaita tu. Kama nilikuumiza kwa maneno, niambie wapi nipige magoti. Kama umekata tamaa, usinifiche. Bado siku tatu.

Mwanao, Kusum


Khirwa, 6 Aprili

Kusum, mwanangu,

Ninyi hamjambo? Mimi nimelala kwa saa mbili tu na sina usingizi. Hukuniumiza. Ulikuwa na hasira na ilikuwa haki yako, na lile la mama mkwe wako ungenieleza miaka yote hii. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nasoma. Cheka tu. Niliogopa, kama kadi ilichukuliwa, simu nayo haishindwi kuibwa, kwa hiyo namba nikaona niiweke kichwani. Simu ilikuwa inanisomea, mimi narudia. Nikikama nyati, narudia. Nikikanda unga, narudia. Nilikuwa nakosea kwenye ya nane na ya tisa, nyati akinitazama. Simu ikiita nilikuwa siipokei, ningekatika katikati nianze upya.

Jana nikaenda. Wanaume kwenye mkeka, sisi wanawake kando, sari zimeshushwa mpaka kidevuni. Ofisa aliyetumwa ni msichana, Kusum, umri wako, ana miwani na viatu vya kukimbilia. Akasoma pingamizi langu alilonijazia Shabnam. Halke akasimama akasema, "Ofisa, shemeji yangu ni mtu mzima, namheshimu. Lakini hana mtoto wa kiume, kadi hana, hata jina la marehemu mumewe hawezi kulitoa mdomoni. Nyumba ataishikaje?" Watu wakacheka kidogo. Si kwa ubaya, walicheka tu.

Ofisa akaniuliza, "Mama, jina la mumeo?"

Nilitaka, Kusum. Nakuapia nilifungua mdomo. Miaka thelathini na tano aliyoishi nami nilikuwa namwita "wewe, unasikia?" Mdomo wangu haujawahi kupita njia hiyo. Nikaona uso wako, nikaona Sawan, na bado halikutoka. Kilichotoka ni namba. Nikaisema kutoka ndani ya ushungi, polepole, zote kumi na mbili, ya nane na ya tisa hazikunikimbia. Ofisa akaibonyeza kwenye kimashine akasema, "Sasa kidole, mama." Nikamnyooshea mikono, akaiona, akaishika. Akaniuliza taratibu, "Chokaa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi tutumie jicho."

Sasa fikiria. Jicho liko ndani ya ushungi, na mbele yangu amekaa baba yako mkubwa, na wazee wote ambao kwa miaka arobaini na moja wamejua miguu yangu tu. Wanawake nyuma yangu wakaacha kupumua. Halke akatabasamu, maana alijua. Nikasimama. Nikaushika ushungi kwa vidole vinavyouma, nikauinua mpaka juu ya paji la uso, kabisa, si nusu. Baba yako mkubwa akageuza uso kuangalia ukuta kwa adabu, Mungu amlipe. Nikatazama ndani ya kile kidude. Kuna duara la mwanga humo. Ofisa akasema usipepese. Sikupepesa.

Kikalia tii.

Ofisa akasoma kwa sauti, kijiji kizima kinasikia. Akasoma, "Rajabeti." Kusum, tangu nilipoolewa hapa mimi ni wa Bilgaon tu, kwa jina la kijiji nilikotoka, kama vile mke wa Halke ni wa Pahra na yule mwingine ni wa Sijari. Nyuma yangu bibi mmoja akauliza, "Rajabeti ndiye nani tena?" Sikugeuka, nilikuwa najisikiliza. Halafu akasoma, mke wa, akataja jina la baba yako. Halafu akasoma nyumba, mtaa, pembeni ya kisima cha mawe, Khirwa.

Unakumbuka siku ya kuandikishwa kadi, miaka ile, shuleni, walipochukua alama za vidole na macho? Baba yako alisimama kando yangu, kila nilichoulizwa akajibu yeye, mimi nikimvuta shati asiseme mengi. Ni yeye aliyesema mke wa nani na nyumba ipi. Amekufa, tumemchoma, majivu yake tumeyapeleka mtoni, na yale maneno yake yalikuwa yamekaa mahali yananisubiri. Sijui mahali penyewe ni wapi. Shabnam anasema kuna majumba makubwa ya mashine mbali huko, baridi tupu ndani. Niliona kama amekuja barazani kunitetea.

Ofisa akauliza nani alijenga nyumba ile. Baba yako mkubwa, bado anatazama ukuta, akasema, "Ni mdogo wangu huyo huyo aliyetajwa. Mawe ya msingi nilibeba mimi." Akamwambia Halke, "Kaa chini." Ofisa akapiga mstari juu ya jina la Halke. Nikasubiri aandike la marehemu. Akasema hapana, kadi inaandikwa jina la aliye hai, akaandika Rajabeti.

Nimerudi nyumbani nikafagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa.

Mama yako


Surat, 7 Aprili

Mama, shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ajili ya juzi.

Nimelia mpaka msimamizi akanipa dakika kumi. Jina lako nililijua kwa kulisoma kwenye karatasi, sijawahi kulisikia mtu akikuita. Jana usiku nilikaa jikoni nikalisema kwa sauti nisikie lilivyo. Mume wangu akauliza naongea na nani, nikamwambia naongea na mwenye nyumba. Barua nimemsomea mama mkwe yote. Akaniongezea samli kwenye mkate.

Niambie kadi ikitoka. Sitaamini mpaka muhuri.

Kusum


Khirwa, 24 Juni

Mwanangu mpenzi,

Mvua ya kwanza imenyesha, joto limepungua, goti limeninunia tena. Watoto hawajambo? Vidole vyangu vimepona, ngozi mpya, laini kuliko yako.

Ulikuwa unangoja, sasa nakwambia. Wiki moja baada ya baraza alikuja mke wa Halke, amejifunika, nikajua amekuja kugombana. Akakaa. Akanywa maji. Akauliza, "Dada, na ile ya kwetu, jina langu linaweza kukaa pale kando ya lake?" Shabnam akamjazia ombi, Halke akafoka siku mbili, ya tatu akaweka gumba. Kadi yao ina majina mawili. Baada ya hapo wakaanza kuja wote, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wanakaa uani kwangu wanaongea na simu wasikie inavyowaandika. Kila mmoja inabidi aanze kwa kusema anaitwa nani. Huyu ni Sukhwati. Yule Ramsakhi. Yule mnene anayekoroma akiwa macho anaitwa Phulrani. Tumechota maji pamoja miaka arobaini na moja, Kusum, tumeosha maiti na kuzalishana, na sikuwa najua jina la hata mmoja. Walikuwa wanalitamka kwa kuogopa, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umevunjika.

Kadi imetoka jana. Ofisa yule mwenye viatu aliileta mwenyewe. Kuna nyumba yangu kama ndege anavyoiona, ua, zizi, paa lililobonyea upande mmoja, na jina, na muhuri. Nimeiweka kwenye bati la unga, na Shabnam ameiweka kwenye simu pia, anasema hata nyumba ikiungua kadi haiungui.

Kabla hajaondoka alifungua daftari akaniuliza, baada yangu aandikwe nani. Halke alikuwa amesimama uchochoroni anasikiliza. Nikataja jina lako, nikamwomba alisome tena kwa sauti. Akalisoma.

Kwa hiyo Sawan hii funga mizigo pamoja na wenzako. Ukishuka kwenye basi usipitie kwa mtu yeyote kuomba ruhusa, na ukifika mlangoni usibishe hodi.

Mama yako